Viti 23 vilivyoachwa wazi Katanga

Waulize watu Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, ilijitenga lini na nchi hiyo, watakujibu bila kusita: tarehe 11 Julai 1960, kiongozi wake Moïse Tshombe alipotangaza. Sawa. Ila mimi, ambaye mabunge ya enzi za mwisho za ukoloni ndiyo kazi yangu ya kila siku, huanza mwezi mmoja nyuma, na bunge la jimbo pale Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Chukua kalamu, maana kuna hesabu kidogo.

Wabunge waliochaguliwa Mei 1960, kwa kura za wanaume peke yao, walikuwa 60. Conakat, chama cha Tshombe, kilipata viti 25. Muungano ulioitwa Cartel, ambao uti wake wa mgongo ulikuwa Balubakat, chama cha Baluba wa Katanga kilichoongozwa na Jason Sendwe, ulipata 23. Vile 12 vilivyobaki vilikwenda kwa wagombea binafsi na vyama vidogo. Sheria ya Msingi, katiba ya muda ambayo Wabelgiji waliitungia Kongo Mei hiyohiyo, ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ukumbini ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Ondoa watu 23 wa Cartel, wanabaki 37.

Wamepungua watatu tu! Cartel nao walijua kuhesabu. Wakasusia vikao, akidi ikakosekana.

Uhasama wenyewe ulikuwa wa siku nyingi. Mwaka 1957, katika chaguzi za kwanza za miji, mameya wa mitaa ya Waafrika pale Élisabethville walitoka nje ya Katanga, wengi wao jimbo jirani la Kasai, miongoni mwa watu waliovutwa na kazi za migodini. Mwaka uliofuata ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji halisi. Hapa huwa natabasamu kidogo. Godefroid Munongo, mmoja wa vigogo wa chama hicho cha "wenyeji", alikuwa wa ukoo wa Msiri, mfalme wa zamani wa Katanga, na Bayeke, watu wa Msiri, walitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, katika karne ya 19. Kwa upande mwingine, Baluba wa kaskazini mwa Katanga, ambao hakuna wa kuwaita wageni, walikuwa ndani ya Conakat hadi 1959, walipojitoa. Chama kilikuwa kimeanza kushikana mikono na walowezi wa Kizungu.

Turudi ukumbini. Kwa maoni yangu, kile kifungu cha theluthi mbili kilikuwa na faida moja kubwa: hakuna upande ulioweza kuunda serikali bila kuzungumza na mwenzake. Kingewachelewesha, kingewaudhi, lakini kingewakalisha meza moja. Conakat na marafiki zake wa Kizungu hawakuwa na subira hiyo. Walibisha hodi Brussels, na katikati ya Juni, uhuru ukiwa umebakiza wiki mbili, bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria yake lenyewe: theluthi mbili ikikosekana, wingi wa kawaida unatosha. Zaidi ya nusu ya 60 ni 31, na 37 walikuwapo.

Ndani ya siku chache Tshombe akawa rais wa serikali ya jimbo, na Munongo akakabidhiwa mambo ya ndani, yaani polisi. Cartel hawakuambulia waziri hata mmoja. Kwa hiyo Julai 11 ilipofika, serikali iliyotangaza kujitenga ilikuwa ya upande mmoja tangu siku ilipoundwa, na Baluba wa kaskazini hawakuikubali. Walipigana nayo.

Mwaka 1962 serikali kuu ikawamegea jimbo lao, Katanga Kaskazini, makao yake Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Sendwe akawa rais wa jimbo hilo 1963. Juni 1964 aliuawa hukohuko.