Mwanga ule ule: flavini ndani ya maziwa na flavini ndani ya kimeng'enya

Jumamosi iliyopita niliazima taa ndogo ya zambarau ambayo wakala wa pesa wa mtaani kwetu hapa Moshi hukagulia noti. Nyumbani nikasaga kidonge cha vitamini B mchanganyiko, nikakoroga unga wake kwenye glasi ya maji, nikafunga mapazia. Nilipomulika, maji yakang'aa njano ya kijani, glasi nzima.

"Baba, yanawaka yenyewe?" mwanangu akauliza.

Hayawaki yenyewe. Inayong'aa ni riboflavini, yaani vitamini B2, mojawapo ya molekuli ziitwazo flavini, ile inayofanya mkojo uwe wa njano kali ukimeza vidonge hivi. Riboflavini hunyonya vizuri mwanga wa urujuanimno (ule usioonekana, ng'ambo ya zambarau) na wa buluu, hasa wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 375 na 445. Ikinyonya fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, elektroni yake moja hupanda ngazi ya juu ya nishati, na ikishuka huweza kurudisha nishati hiyo kama mwanga wa kijani. Ndicho alichokiona mtoto. Lakini flavini iliyopanda hivyo ina njaa kali ya elektroni. Ikikutana na kitu kinachoweza kuachia elektroni kabla haijashuka, inainyakua.

Wauza maziwa wanajua matokeo yake hata kama hawajui jina lake. Maziwa yana riboflavini ya kutosha. Yaweke kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, yaanike juani sokoni, na ladha itageuka hata kabla hayajaganda. Flavini imenyang'anya elektroni vitu vilivyo jirani nayo, ikiwemo methionini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na humo hutoka kemikali iitwayo methionali, yenye harufu ya viazi vilivyochemshwa. Flavini yenyewe pia haisalimiki: hukatika mkia, na vitamini ikapotea. Kwa hiyo nawasihi wanaouza maziwa: ndoo yenye mfuniko ni bora kuliko chupa angavu.

Sasa fikiria seli zako. Zimejaa vimeng'enya (protini zinazoharakisha kemia ya mwili) vyenye flavini, na mbona mwanga hauvivurugi? Kwa sababu ya mpangilio. Katika vingi, protini imeweka asidi amino ya tirosini au triptofani ubavuni mwa flavini. Mwanga ukiipiga, elektroni inaruka kutoka kwa jirani huyo na kurudi kwake ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni ya sekunde. Hakuna kinachong'aa wala kinachoharibika. Naona huo ni ulinzi wa ajabu, na vitabu vyetu vya kufundishia huupita haraka mno.

Kimeng'enya kingine chenye flavini, fotolaisi, hufanya kinyume: kinautaka mwanga. Kazi yake ni kutengeneza DNA iliyoumizwa na urujuanimno, pale thimini mbili jirani (thimini ni mojawapo ya "herufi" nne za DNA) zinaposhikana na kuziba njia ya kusoma vinasaba. Fotolaisi huipata sehemu hiyo, huigeuzia nje ya uzi wa DNA na kuiingiza kwenye mfuko wake. Ndani ya mfuko inasubiri FAD, flavini iliyokunjwa kama herufi U. FAD hii imekwisha kushiba elektroni, kwa hiyo mwanga wa buluu ukiifikia, yenyewe ndiyo inayotoa. Elektroni moja inafika kwenye thimini zilizoshikana kwa takriban robo ya nanosekunde (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), vifungo vinaachia, kisha elektroni inarudi nyumbani kwenye flavini. Yote huisha kabla ya nanosekunde moja, na zaidi ya fotoni nane katika kila kumi zinazonyonywa na flavini hiyo huzaa matengenezo kamili. Hakuna ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inayotumika katika kukata vifungo hivyo. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na bado hunisisimua nikifika kwenye elektroni inayorudi.

Habari hii ilianza na vipimo visivyolingana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani, Albert Kelner alikuwa akiua vijidudu kwa urujuanimno, na baadhi vikawa vinafufuka bila mpangilio. Akashuku joto. Kumbe ulikuwa mwanga uliovifikia baada ya kupigwa. Aziz Sancar, aliyekichambua kimeng'enya hiki kwa kina, alipata Nobeli ya Kemia mwaka 2015 pamoja na wenzake wawili kwa kazi zao za matengenezo ya DNA.

Mimea inayo fotolaisi, ndege wanayo, samaki na vyura pia. Binadamu hatuna. Sisi hukata kipande kizima cha uzi chenye herufi kama 30 na kukijaza upya, njia ya polepole zaidi. Hapa Moshi, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, hilo lina uzito, hasa kwa watu wenye ualbino wasio na melanini (rangi asilia ya ngozi) ya kutosha kulizuia jua mapema. Ndiyo maana naheshimu sana kazi iliyoanzia KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, ya kuwatengenezea Kilisun, krimu ya kukinga jua: kwa ngozi yetu, kuzuia fotoni isifike kwenye DNA ndiyo kinga ya kwanza.

Wanafunzi huniuliza kama fotolaisi ingefanya kazi ndani ya mnyama wa aina yetu. Ingefanya. Watafiti wa Uholanzi waliwapa panya jeni ya fotolaisi kutoka kwa potoroo, mnyama mdogo wa Australia wa jamii ya kanguru. Panya hao walipopigwa urujuanimno kisha wakawekwa kwenye mwanga wa kawaida, walipata uvimbe wa saratani ya ngozi kwa uchache kuliko wenzao wasio na jeni hiyo.