Mkwe wa kabila jingine, na kijana anayekaa kimya

Nashauri familia hapa Dar es Salaam, na mama wakwe wanaokuja kwangu wengi huanzia jikoni: mkwe kila siku ndizi, samaki wa nazi hamjui. Hayo nayapita haraka. Chakula watu huzoea. Kuna mama wa Moshi ambaye sasa anaagiza pweza mwenyewe.

Moto uko kwenye uzazi. Kimila, Mchaga aliyejifungua hutunzwa na mama wa mume: supu ya ndizi ya mtori, maziwa, nyama, kazi asiguse, hata miezi mitatu. Mama huyo alitunzwa hivyo naye akaisubiri zamu yake. Sasa mkwe ni binti wa Pwani. Mimba ya kwanza ikikaribia kutimia, anafunga mizigo kwenda kwa mama yake mzazi hadi arobaini iishe, maana kwao ndivyo inavyokuwa. Mama wa Kichaga anaona amenyang'anywa mjukuu. Mama wa binti naye anashangaa: mwanangu akandwe na mtu baki, mimi nipo hai? Wote wanagombea kumhudumia mzazi mmoja, na kila mmoja anaona amedharauliwa.

Baba mkwe naye ana la kwake. Binti aliyelelewa kwa mila za Kinyakyusa za zamani hamkabili baba wa mumewe. Humpisha njia, hakai naye chumba kimoja. Kijijini Rungwe nafasi ipo. Kwenye vyumba viwili vya Mbagala, binti akiinuka kila mzee anapoingia, mama mkwe wa Kizaramo ataapa kuwa mumewe anachukiwa. Kumbe anaheshimiwa kupita kiasi!

Sijaona mama aliyemzoea mkwe kwa kuhubiriwa uvumilivu. Swali langu la kwanza ni mume alisema nini, na mara nyingi hakusema kitu. Yeye anamjua mama, anamjua mke, lakini anajificha: "Wanawake wenyewe watamalizana." Simwiti mama wala mkwe kabla kijana hajaja.

Nikimpata, namtuma kwa mama yake mapema, mimba ingali changa, wapatane mke atatunzwa wapi; aende mwenyewe na si kwa simu. Familia kadhaa zimegawana: arobaini kwa mama mzazi, kisha mama mkwe anampokea kwa muda uliobaki. Mama wa binti naye aambiwe mapema, maana huo mtori utabisha hodi kwake kabla arobaini haijaisha.