Kumwandikia askofu hakusimamishi muda wa sheria

Mwaka uliopita mama mmoja wa komuni ya Katuba aliingia ofisini kwangu, hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), akiwa amebeba faili ya karatasi ngumu iliyofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na barua saba, nne ambazo binti yake aliwaandikia viongozi wa kanisa na tatu alizojibiwa. Majibu yote yaliandikwa kwa adabu na yote yaliahidi sala, lakini hakuna hata moja lililotaja parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali. Binti alikuwa na miaka 19 alipotendewa ukatili wa kingono. Alikuwa akijiandaa kuingia utawa, na anayemtuhumu ni padri aliyekabidhiwa kazi ya kumlea kiroho. Tulipokaa kuhesabu tarehe, ilikuwa imepita miaka tisa na miezi minne. Yule mama aliniambia, akiniita Metre kama mawakili wanavyoitwa hapa: «Metre, tulikuwa tunangoja jibu la mwisho.»

Mimi ni wakili wa baraza la mawakili la Haut-Katanga, na kungoja kwa namna hiyo nimekuona katika familia nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia kimya. Familia huamini kwamba ikishamwandikia askofu, au mkubwa wa shirika la kitawa, imeshashtaki. Haijashtaki. Kanisa lina njia yake na Jamhuri ina njia yake, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumaliza ya kwanza kabla ya kuanza ya pili.

Tuanze na muda, kwa sababu ndio unaopotea bila mtu kutambua. Kwa kanuni ya jumla ya sheria yetu ya jinai, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kupita miaka mitano haliwezi tena kufuatiliwa baada ya miaka 10 tangu siku lilipotendwa. Sisi wanasheria huita jambo hilo preskripsioni. Kinachoikatiza ni matendo ya upelelezi au ya mashtaka yanayofanywa na wenye mamlaka ya kisheria. Barua kwa askofu haimo, kikao cha wazee wa parokia hakimo, na hata malalamiko yaliyopokelewa na kupigwa muhuri kisha yakaachwa kwenye rafu hayatoshi kumpa mtu usingizi. Kanisa lenyewe huhesabu kwa namna nyingine: kwa makosa dhidi ya watoto, kanuni zake za 2010 ziliweka miaka 20 kuanzia siku mtendewa anapotimiza miaka 18, na Roma inaweza kuondoa hata kikomo hicho. Kwa hiyo inawezekana kabisa padri akavuliwa daraja na Kanisa huku mahakama ya nchi ikiwa haina tena uwezo wa kumgusa. Atakuwa amepoteza kazi yake, basi.

Sheria ya nchi, hata hivyo, si dhaifu kama watu wanavyodhani. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha kanuni ya adhabu, iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 20 kwa ubakaji, na katika kifungu cha 171 bis ikaamuru kiwango cha chini cha adhabu kiongezwe mara mbili pale mkosaji anapokuwa na mamlaka juu ya mtendewa, au anapokuwa mhudumu wa dini aliyetumia vibaya nafasi yake. Wahudumu wa dini wametajwa waziwazi, pamoja na maafisa wa serikali, waganga na walimu. Kifungu cha 42 bis kinaongeza kwamba cheo rasmi cha mtu hakimwondolei hatia ya makosa haya wala hakimpunguzii adhabu. Na pale mtendewa anapokuwa mtoto, yaani hajatimiza miaka 18, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakuja na ukali wake yenyewe.

Siku hiyohiyo ya Julai 2006 ilitoka pia sheria namba 06/019, inayohusu mwenendo wa kesi, nami naiona kuwa na faida kubwa zaidi kwa mtu anayeogopa. Inasema mtendewa asaidiwe na wakili katika hatua zote. Mwendesha mashtaka au jaji aite daktari na mwanasaikolojia wamchunguze. Upelelezi na hukumu visizidi miezi mitatu tangu mamlaka ya sheria ilipopokea kesi. Muda huo wa miezi mitatu ni nadra kuheshimiwa, na sitamdanganya msomaji. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kesi isikilizwe faraghani mtendewa akiomba, na inakataza ridhaa kukisiwa kutokana na ukimya wake au kutopinga kwake, wala mwenendo wake wa zamani kutumiwa kumwondolea mshtakiwa hatia. Kwa kesi za mapadri na wachungaji, hapo ndipo penye uzito wote. Msichana aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kumtii Padri ni kumtii Mungu hapigi kelele. Wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini hakupiga kelele, na sheria imekwisha kutoa jibu.

Sasa niseme juu ya mapatano, jambo linaloniumiza kuliko yote. Hapa kwetu, habari ikishavuja, hutokea wajumbe: mjomba mwenye heshima, katekista, wakati mwingine mtu wa polisi. Wanakuja na bahasha, au na ahadi ya karo ya shule, na karatasi iliyoandikwa «tumesameheana». Mama anatia sahihi kwa sababu ana watoto watano na kodi ya nyumba. Simlaumu hata kidogo. Ninachotaka ajue ni kwamba karatasi hiyo haiui kesi. Katika makosa ya kingono sheria ya 2006 imekataza kesi kufungwa kwa kulipa faini ya mapatano, na haki ya kushtaki ni ya Jamhuri. Familia haina uwezo wa kuiuza. Fedha zilizokwisha pokelewa zisimzuie mtu kufika parke. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na wanawake waliofungwa mdomo miaka mingi na karatasi isiyo na nguvu yoyote.

Linafuata swali la nani atalipa fidia. Mtendewa anaweza kudai fidia ndani ya kesi ileile ya jinai, akijiunga kama parti sivili mbele ya TGI (tribunal de grande instance), kwa kuwa ndiyo mahakama inayosikiliza makosa ya uzito huo. Padri mmoja mmoja mara nyingi hana mali kwa jina lake. Ndiyo maana sisi hutazama kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia, kinachomwajibisha aliyemkabidhi mtu kazi kwa madhara ambayo mtu huyo anayafanya katika kazi hiyo. Majimbo na mashirika ya kitawa yana utu wa kisheria, kwa hiyo yanaweza kuitwa mahakamani. Je, askofu ni «mkabidhi» wa padri wake kwa maana hiyo? Mimi nasema ndiyo: humteua, humhamisha, humpa nyumba na parokia. Nchi nyingine hazijakubaliana. Mahakama ya juu ya Kanada ilimwajibisha askofu mwaka 2004. Mahakama ya juu ya Australia, Novemba 2024, ilikataa kwa hoja kwamba padri hakuwa mwajiriwa.

Wengine huniuliza kama wanaweza kuishtaki Vatikani yenyewe. Raia 24 wa Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi walijaribu mbele ya mahakama za Ubelgiji, na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg iliamua kwamba mahakama hizo hazikukosea kuipa Vatikani kinga ya dola. Nguvu zetu zibaki kwa jimbo na shirika, walio karibu na wenye ofisi tunayoweza kuigongea mlango.

Sisemi barua kwa Kanisa haina kazi. Tangu Juni 2019, sheria ya Papa Fransisko iitwayo Vos estis lux mundi, iliyothibitishwa kuwa ya kudumu mwaka 2023, inamlazimisha padri na mtawa yeyote anayejua habari hizi kuziripoti kwa mkubwa wa Kanisa, na inakataza anayeripoti kuwekewa sharti la kunyamaza. Mwezi Desemba mwaka huohuo wa 2019 siri ya kipapa, yaani usiri mkali wa Vatikani, iliondolewa katika kesi hizi. Andikeni, basi, na mtunze nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyepokea, kwa sababu mbele ya jaji nakala hiyo huonyesha kwamba wakubwa walijua. Lakini kusema katika kitubio si kuripoti: padri aliyesikia huko amefungwa na siri ya maungamo, nasi hatuwezi kumtegemea awe shahidi.

Makanisa ya uamsho, ambako mchungaji au nabii mara nyingi hana mkubwa juu yake, hayana hata ngazi hizo. Huko parke ndiyo njia ya kwanza na ya mwisho.

Kwa tukio la karibuni, hospitali itangulie kila kitu: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina faida zikianzwa ndani ya saa 72, na nguo zisifuliwe. Asiye na fedha za wakili aende kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la mawakili, akiwa na cheti cha umaskini.

Yule binti wa Katuba, ambaye sasa ni mwanamke mwenye watoto wawili, tulimsindikiza parke wiki ileile. Niliomba jambo moja tu kabla ya mengine yote: asikilizwe na hakimu wa parke, na maelezo yake yaandikwe katika hati rasmi. Ilichukua siku tatu za kurudi na kurudi. Hati ilipotiwa sahihi, ilikuwa imesalia miezi saba na siku chache kabla ya miaka 10 kutimia. Mama yake aliomba nakala, akaiweka juu ya zile barua saba, akafunga uzi.