Kukigeuza kikombe cha nyonga kabla hakijalika

Mbwa ambaye ningependa kumfanyia upasuaji wa kurekebisha fupanyonga mara nyingi haletwi kwangu. Ana umri wa miezi sita, anakula vizuri, anakimbia, na ishara pekee aliyonayo ni kuitupa miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, kama sungura, anapopanda ngazi. Anayeletwa ni yule wa miaka minne ambaye kuinuka asubuhi kumekuwa kazi, na kwa huyo wakati wa kuurekebisha mfupa ulishapita.

Nyonga ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kilichokaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Mtoto wa mbwa mwenye displasia ya nyonga, yaani nyonga ambayo kichwa na kikombe havikai sawasawa, huzaliwa na viungo vinavyoonekana salama. Kasoro hujitokeza miezi ya mwanzo, kano zinapolegea huku uzito wa mwili ukiongezeka upesi. Kwa kila hatua kichwa huteleza kikaupanda ukingo wa juu wa kikombe, kisha hurudi. Ukingo huo hulika, gegedu huchubuka, vijifupa vya ziada huota pembeni, na baridi yabisi ikishaanza hakuna msumeno utakaoirudisha nyuma. Kumnenepesha mtoto wa German Shepherd au Rottweiler kwa fahari ya kumwona mkubwa mapema huharakisha uharibifu huo.

Upasuaji wenyewe unakigeuza kikombe kilale juu ya kichwa cha paja na kukifunika, ili uzito unaosukuma kichwa nje uanze kukisukuma ndani. Katika miaka ya 1980 Barclay Slocum, wa Eugene katika jimbo la Oregon, Marekani, aliueneza mtindo wa kukata fupanyonga mahali patatu: mfupa wa kinena, mfupa wa makalio, na shina la bawa la nyonga, ambapo bamba la chuma lililopindwa hufungwa kwa skrubu. Siku hizi wengi wetu tunakata mahali pawili na kuuacha mfupa wa makalio mzima. Kuugeuza mfupa kunahitaji nguvu zaidi, na kwa kuwa mfupa usiokatwa hurudisha mgeuko nyuma kidogo, bamba la nyuzi 25 huleta takriban kile kilicholetwa na la nyuzi 20 katika mtindo wa zamani. Lakini fupanyonga hubaki imara, njia ya haja haibanwi, na maumivu hupungua. Mimi huchagua mgeuko mdogo unaotosha. Ukizidisha, shingo ya paja hugonga ukingo na mguu haupanuki tena vizuri.

Ugumu wa kazi hii uko zaidi katika kumchagua mgonjwa kuliko katika kukata. Nikishampa mbwa dawa ya usingizi, nausukuma mfupa wa paja kuelekea mgongoni mpaka kichwa kichomoke, kisha naupanua mguu polepole hadi nisikie kikirudi. Kipimo hiki kimepewa jina la Ortolani, daktari wa watoto wa Italia aliyekieleza mwaka 1937 kwa ajili ya watoto wachanga wa binadamu. Mrudio ulio wazi na mkavu huniambia ukingo bado ni mzima. Ukiwa wa kukwaruza au wa kusitasita, nafunga faili hata kama eksirei inapendeza. Umri unaofaa ni kati ya miezi mitano na kumi, bila dalili yoyote ya baridi yabisi. Kabla ya wiki 16 iko njia nyepesi zaidi, ya kuunguza kwa umeme kiungio cha ukuaji (sehemu ambayo mfupa hukulia) kwenye kinena ili vikombe vijigeuze vyenyewe mbwa anapokua. Ama waliochelewa, wanabakiwa na kudhibiti uzito, dawa za maumivu, kuondolewa kichwa cha paja au kuwekewa nyonga ya bandia.

Huwa nasisitiza pia kwamba mbwa niliyemrekebisha asizalishwe: ugonjwa huu hurithiwa, na nyonga iliyonyooshwa kwa bamba humficha mgonjwa machoni pa mnunuzi wa watoto wake.

Baada ya hapo mwenye mbwa ndiye mwenye kazi. Katika wiki ya pili mbwa hujiona amepona na hutaka kuruka, ilhali skrubu za mbele, zinazoshika mfupa mwembamba, ndizo hulegea kwanza. Kwa hiyo hukaa katika chumba kidogo, akitoka kwa kamba fupi kujisaidia tu, kwa wiki sita hadi nane, na kamba hailegezwi mpaka eksirei ionyeshe kwamba mfupa umeunga.