Ushirikiano wa kaunti ni nini, na si nini

Magavana wawili wa kaunti za Kenya wakitia saini hati moja tu, jioni utasikia kwenye taarifa ya habari kwamba kaunti "zimeungana" kuboresha huduma. Hazijaungana hata kidogo.

Ushirikiano wa kaunti ni makubaliano ya serikali mbili au zaidi za kaunti kutekeleza jukumu fulani kwa pamoja, kila moja ikibaki na bunge lake, bajeti yake na mipaka yake. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2010 kinauruhusu, hata kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Maana ni hiyo tu.

Kuungana kungegusa mipaka, na mipaka ya kaunti haiguswi ovyo. Kifungu cha 188 kinataka tume huru itoe pendekezo, kisha liungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Hayo hayamalizwi kwenye kongamano la hotelini, hata wapiga picha wawe wengi vipi.

Kinachonikera zaidi ni ushirikiano kuchanganywa na uhamisho wa majukumu. Februari 2020, Kaunti ya Nairobi iliikabidhi serikali ya kitaifa majukumu manne, afya na uchukuzi yakiwemo. Hadi leo wapo wanaoutaja mpango ule kuwa mfano wa ushirikiano. Ule ulikuwa uhamisho, nao una kifungu chake, cha 187: mmoja anatoa, mwingine anapokea na kutekeleza. Na hata baada ya kukabidhi, wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyopewa jukumu hilo na Jedwali la Nne, yaani sehemu ya Katiba inayogawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Kwa hiyo gavana aliyekabidhi hospitali hawezi kumwambia mgonjwa, "Hayo sasa hayanihusu."

Kosa la tatu ni kudhani kwamba huduma ikivuka mpaka basi kaunti zinashirikiana. Tazama vyanzo vya maji ya Mombasa: Mzima iko Taita Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere iko Kwale. Bomba la Mzima lina urefu wa takriban kilomita 220, nalo lilitandazwa miaka ya 1950, kabla ya mtu yeyote kuota serikali za kaunti, zilizoanza kazi 2013. Limerithiwa tu. Ushirikiano ungeanza pale kaunti hizo zinapoketi na kuandikiana: wa njiani wapate maji kiasi gani, nani alipie yanayovuja, chanzo kitunzwe kwa pesa za nani. Vivyo hivyo mgonjwa wa Kwale akitibiwa katika hospitali ya Makadara, Mombasa. Amevuka kivuko cha Likoni kutafuta daktari. Kama kaunti mbili hazijakubaliana gharama yake ibebwe vipi, huo ni ujirani.

Sasa, Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Ina wanachama sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Ni jukwaa la kupanga mambo pamoja. Si serikali ya jimbo: haina wawakilishi wa wadi wala haitozi kodi. Kwa hiyo ndugu zangu mnaoilaumu mifereji ikikauka, mashtaka yenu ni halali, ila anwani ndiyo siyo. Yapelekeni kwanza kwa kaunti yenu, maana huduma ya maji ni jukumu lake, na ulizeni pia imeandikiana nini na majirani.