Kupanua Mdomo wa Injini Hakusaidii

Wiki hii tena, baada ya kipindi, swali la skramjeti, injini ya ndege ziendazo kasi mara kadhaa ya sauti: "Mwalimu, kwa mwendo wa Maki 6, mara sita ya kasi ya sauti, hewa si inajiingiza yenyewe? Panueni mdomo wa injini, nguvu iongezeke." Fundi wangu wa bodaboda pale Kondele aliniambia hivyo hivyo. Hapana, jamani. Nimechoka kurudia, naandika.

Hewa ya kuingia ipo tele. Kazi ni kuimeza. Mdomo ukipanuliwa na koo, sehemu nyembamba kabisa ya ndani, likabaki lile lile, umeongeza mbano, na mbano una kikomo. Koo nalo ukilipanua, hewa inafika kwenye moto haijashindiliwa vya kutosha. Kuisimamisha pia hakufai: kwa kasi hiyo, jotoridi lake hupita nyuzi 1,300. Ndiyo maana skramjeti huiacha ipite ikiwa bado supasoniki, yaani na kasi kuliko sauti.

Kikomo chenyewe nendeni mkakione Ahero, kwenye mifereji ya mpunga. Simama penye lango lililoinuliwa kidogo. Maji yanachomoka chini yake yakiwa membamba, ya kasi, yanang'aa kama kioo. Hatua chache mbele yanaruka ghafla, yanajaa povu na kupunguza mwendo. Mruko ule ni ndugu wa wimbi la mshtuko, mahali ambapo hewa ya kasi hubanwa na kupunguza mwendo ghafla. Sasa ziba mfereji kidogo kwa chini, kwa tope na majani. Mruko unarudi nyuma. Ongeza tope: unapanda mpaka unalifunika lango lenyewe. Ondoa tope kiasi, nao hauteremki mara moja.

Injini hufanya vivyo hivyo. Koo likibana mno, au moto ukisukuma mno kutoka nyuma, wimbi la mshtuko linatemwa nje, hewa inamwagika kando ya mdomo na msukumo unaporomoka. Mwaka 2011 X-51A, chombo cha majaribio cha Marekani chenye skramjeti, ilipatwa na hilo ilipokuwa ikibadili mafuta kutoka gesi ya ethilini kwenda JP-7, mafuta ya ndege. Mdomo wake haukuwa mdogo!

Linaloninyima usingizi ni utando wa hewa unaoambaa tumboni mwa ndege kabla ya mdomo. Ukiwa mtulivu, wimbi likiugusa hubanduka upesi na kuziba njia. Ukivurugika, unashikilia vizuri lakini unachoma bodi. Unavurugika wapi hasa? Vitabu vina fomula. Mimi sina hata moja ninayoweza kuifungia mahesabu nikalala. Waliounda X-43A, chombo kingine cha majaribio chenye skramjeti, kilichokaribia Maki 10 mwaka 2004, hawakusubiri fomula: walipanga vijinundu chini ya pua ya chombo hicho, utando uvurugike pale walipotaka wao.