Datsun 240Z iliyolala miaka, usiibusti betri kwanza

Napigiwa simu sana na watu waliopata 240Z, ile gari ya michezo ya Datsun, mara ni ya marehemu baba, mara ni ya mzee flani aliipaki chini ya mwembe ikasahaulika, na swali la kwanza ni lile lile, fundi nibusti betri nione kama itawaka? Jibu langu halijabadilika: usiguse swichi. Gari hizi kulala hakuziui, zinauawa siku ya kuamshwa kwa pupa. Injini kavu ukiizungusha kwa nguvu ya stata ndo ringi zinakatika, kemshafti (ile shafti inayofungua vali) inachubuka, na kitu kilichokua kizima jana leo kishakua cha kutolewa spea.

Na kwetu huku hii si gari ya kuchezewa. Ilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na 1971 tu Edgar Herrmann na Hans Schüller washaibeba Safari Rally nayo, 1973 tena Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, tena hiyo ya 73 Mehta alilingana penati na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila kupata penati. Sasa gari iliyovuka tope la masika la Kenya, Uganda na Tanzania usiniambie ni dhaifu. Kinachoiangusha leo ni kutu, mipira iliyozeeka, na mikono ya mafundi waliopita hapo kabla yako.

Anza na kutu, kabla hata ya kufungua boneti. 240Z haina chesisi ya pembeni, bodi yenyewe ndo chesisi, kwa hiyo sakafu ikioza gari imeoza. Toa makapeti yote, toa na ile lami nyeusi ya kuzuia sauti, chukua bisibisi uchokonoe. Angalia chini ya betri, pale asidi ya miaka inadondokea inakula sahani ya betri kisha inateremka kwenye reli ya chini, angalia shimo la tairi la spea, angalia matao ya magurudumu ya nyuma, na pale chini ya kioo cha mbele ambapo majani yanajaa yanaziba njia ya maji. Gari ya Mombasa na gari ya Nanyuki si kitu kimoja, hewa ya chumvi inaanza kula kutokea ndani ya maungio huku rangi kwa nje bado inang'aa, kwa hiyo ya Pwani ukiletewa usiridhike na macho, gonga kwa kidole usikilize. Ukisikia sauti nzito iliyokufa hapo pana bodi fila, na chini ya fila mara nyingi hamna bati. Reli za chini zikiwa zimeisha, pesa yote peleka kwa welda kwanza, injini itasubiri.

Bodi ikiwa salama, sasa injini. Ni L24, silinda sita za mstari, cc 2393. Toa plagi zote sita, mimina oili kidogo kila silinda (ATF, ile oili ya giaboksi ya otomatiki, pia inafaa, inapenya vizuri) kisha iache, si saa moja, iache ilale hata siku mbili tatu. Wakati inasubiri fungua tapeti kava uangalie kemshafti. Hapa ndo utajua gari ilitunzwa au la: mgongo wa kemu unatakiwa uwe laini unang'aa, ukiona mikwaruzo au ukingo unaoshika ukucha, kemu imeisha na roka zake, vile vikono vinavyosukuma vali, pia zimeisha, usijaribu kuweka roka mpya juu ya kemu mbovu. Ikiwa nzima imwagie oili kemu yote. Halafu zungusha injini kwa mkono, spana kwenye boliti ya puli ya mbele, taratibu, kuelekea mzunguko wake wa kawaida. Ikigoma usining'inie, ongeza oili usubiri tena. Ikizunguka vizuri mara kadhaa, mwaga oili ya zamani, weka filta mpya na 20W-50 yenye zinki ya kutosha, na plagi zikiwa bado nje piga stata mpaka geji ya oili ipande. Geji ikipanda ndo unarudisha plagi, mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, nasema hivi manake nimeletewa nyingi waya zimechanganywa na mtu anaamini kabureta ndo mbovu.

Tapeti, yaani nafasi kati ya kemu na roka, ziseti injini ikiwa baridi, intaki 0.20 mm, egzosi 0.25 mm, spana 17 ya nati ya kufungia na 14 ya kurekebishia. Usizikaze sana kwa kutaka injini inyamaze. Injini ya L ina kamlio kake ka cherehani, kazoee, vali iliyobanwa inaungua.

Petroli sasa. Hapa naomba mtu anisikilize kweli. Kwenye hii injini intaki na egzosi viko upande mmoja, kabureta zote mbili zimekaa juu ya egzosi yenyewe. Mpira wa petroli ukivuja hata kidogo unadondokea kwenye chuma cha moto. Kwa hiyo mipira yote ya petroli badilisha, kuanzia tangi mpaka kabureta, hata kama inaonekana mizima, ikunje tu uone nyufa zake. Tangi lishushe ulioshe, petroli ya zamani inageuka gundi na chini kuna kutu ya unga ambayo itaziba kila kitu. Weka filta mpya na uichungulie kila wiki mwanzoni, ikibadilika rangi tangi bado chafu.

Zile kabureta za Hitachi za mfumo wa SU, zenye pistoni inayopanda na kushuka, watu wanazitupa haraka mno waweke kabureta za Weber, na mi naona ni hasara. Ni kabureta nzuri sana, hazina mambo mengi, ila hazipendi kuchezewa na mtu asiyezijua. Ukifungua zote mbili kwa pamoja usichanganye, pistoni ya kabureta ya mbele irudi kwenye kifuniko chake cha mbele, zilisagwa kwa kuoanishwa. Usipige msasa ndani, safisha kwa petroli na kitambaa basi. Jaribio lake ni hili, toa kile kijiti cha juu chenye kofia, inua pistoni kwa kidole kisha iachie, inatakiwa ishuke yenyewe na kugonga chini tik! Ikishuka kwa kusitasita kuna uchafu au sindano imepinda. Kisha weka oili nyepesi kwenye kile kibomba cha juu, rudisha kijiti, sasa ukiinua pistoni inapanda kwa uzito kidogo. Watu wengi hawajui kama pale panawekwa oili, gari inakohoa kila ikikanyagwa wao wanabadilisha plagi.

Kuseti mchanganyiko, kaza nati ya chini ya kabureta mpaka juu kabisa halafu shusha mizunguko miwili na nusu, kabureta zote mbili sawa. Washa, ipate moto wa kawaida, chukua mpira mrefu mwembamba weka ncha moja sikioni ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, linganisha mvumo wa mbele na wa nyuma mpaka ufanane. Baada ya hapo inua pistoni ya kabureta moja kama milimita moja hivi usikilize. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi, pandisha nati. Ukizama au kuzima, petroli ni chache, shusha. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, funga, umemaliza.

Lakini gari ukiiseti Mombasa kisha ukapanda nayo Nairobi usishangae inatoa moshi mweusi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya huko ni nyepesi karibu moja ya sita kuliko ya Pwani, petroli inayotoka ni ile ile, kwa hiyo inazidi. Na ya Nairobi ikishuka Pwani inakua kinyume chake, petroli inapungua, injini inachemka na vali zinateseka. Pale inapoishi gari ndo pa kuisetia, na ukisafiri ujue kuna nusu mzunguko wa nati unaokusubiri huko mwendako. Mtu akikwambia kabureta ni seti mara moja maisha, hajatembea nayo.

Joto nalo lina tabia moja ya mafundi wetu inayoniumiza, kutoa thamostati eti gari isichemke. Block ya L24 ni chuma cha kumwaga, silinda hedi ni aluminiamu, hivyo viwili vinatanuka tofauti na vinahitaji joto lisilopanda na kushuka ovyo. Tena kiwanda chenyewe kilifikiria nchi za joto, kilitoa thamostati ya nyuzi 76.5 kwa ajili ya sehemu kama zetu, 82 ndo ya kawaida. Weka ya 76.5, osha rejeta kwa fundi rejeta anaefungua matangi, na jaza kulanti, si maji ya bomba. Maji matupu kati ya aluminiamu na chuma yanakula hedi kuanzia kwenye njia za maji mpaka inafika kwenye gasketi, na siku utakayoifungua utakuta mashimo kama mchwa umepita.

Na kama ni lazima ufungue hedi, tengeneza kabari ya mbao kwanza. Cheni ya taiming inakazwa na kikaza cha pistoni kilichojificha chini ndani ya kava ya mbele, ukitoa giya ya kemshafti bila kuibana cheni, ile pistoni inachomoka, na kuirudisha ni kufungua kava nzima ya mbele. Kwa hiyo chonga ubao mrefu mwembamba kwa chini mpana kwa juu, funga kamba juu yake uweze kuuvuta, piga alama za rangi kwenye cheni na giya, teremsha kabari katikati ya cheni igonge kidogo ibane, hapo ndo ulegeze boliti ya giya. Boliti za hedi ni 14, zinafunguka kwa alenki ya 10, na zipo ndefu na fupi, zipange kwenye kipande cha katoni ulivyozitoa. Kuna viboliti vingine viwili vidogo pale mbele vinavyoshika hedi na kava ya cheni, watu wanavisahau wanaanza kutindua kwa mtaimbo, kava inapasuka. Kurudisha, kaza kutoka katikati ukienda pembeni, kwa awamu, kwa torki renchi.

Umeme ntapita haraka. Taa za mbele kiwandani hazikuwekewa rilei, moto wote unapita kwenye swichi ya usukani, ndo maana swichi zinaungua na boksi la fyuzi linayeyuka. Weka rilei mbili, ya dim na ya full, waya mnene kutoka betri na fyuzi yake. Pointi za ndani ya distribyuta, zile zinazokata moto wa koili, kama zimekuchosha tafuta distribyuta ya kielektroniki ya Datsun 280ZX, inaingia, ila ile rezista ya koili lazima uiruke.

Breki usiziamini hata kama pedali ni ngumu. Masta silinda, silinda za magurudumu ya nyuma, mipira yote ya breki, mpya. Mpira wa zamani unavimba kwa ndani, unapitisha mafuta kwenda ila hayarudi, gari inajifunga breki barabarani. Giaboksi weka oili ya GL-4, ile GL-5 inaweza kula sinkro za shaba, zile ringi zinazofanya gia iingie bila kukwaruza.

Spea za injini usikate tamaa nazo. L24 kimsingi ni ile L16 ya Datsun 1600 iliyoongezwa silinda mbili, kipenyo 83 mm na mwendo 73.7 mm ni vile vile, kwa hiyo ukienda Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam usiulize vitu vya 240Z, watakwambia hamna au wakutajie bei ya mtalii. Uliza vya Datsun 1600, nenda na kipande chako cha zamani mkononi na vania (kile kipimo cha milimita) mfukoni, upime kabla hujalipa.